Ngozi ya Nane

Kibua, Jumapili 27 Februari 2022

Nadine,

Habari mpya kwanza: shujaa wako hageuki. Aliyesema ni Edmond, fundi wa redio yetu, jana saa kumi alasiri, baada ya kucheza mchezo wako wa simu siku sita mfululizo. Nilimuuliza mara mbili nisije nikakosea. Alijibu, "Dada Solange, andika tu. Ule mwanamuke anapiga, anaua, anabaki vilevile. Mvua inamuunguza. Basi."

Wengine watatu niliwauliza kila mmoja peke yake, wasiambukizane majibu. Léonard na mdogo wake Straton, wawindaji wote wawili, wanasema hivyohivyo. Carmel, muuguzi wa kituo cha afya, ambaye kwao ni wawindaji watupu, anasema hivyohivyo na anaongeza kwamba picha za milima ni nzuri.

Uliomba watu wa subira na wenye shabaha, na hao ndio niliopata. Simu mbili ulizotuma zinachajiwa kwenye paneli ya redio kila asubuhi. Fishi zako, zile karatasi za maswali, nimezijaza. Simu imekwama? Hapana, kwa wote wanne. Sauti imekatika? Hapana. Shujaa amegeuka? Hapana. Hakuna aliyevuka hatua ya pili.

Papa yetu anaendelea. Mguu wake si mbaya kuliko mwezi uliopita. Msituni bado haendi.

Dada yako,
Solange


Sake, Jumapili 6 Machi 2022

Dada Solange,

Barua yako ilinifikia Ijumaa ikiwa na tope la Masisi nzima. Nimeisoma na Samy, mwenzangu wa kutengeneza mchezo, tukaisoma tena, kisha tukafungua kompyuta.

Nikueleze tena mchezo, maana labda nilieleza haraka pale Noeli. Ni mwaka 2190. Wanyama wa chuma wenye nyama ndani wameshuka kutoka angani juu ya milima yetu. Vumilia ni askari aliyebaki peke yake, na amepewa bunduki mpya ya mwanga. Akimuua mnyama, nyama inabaki chini. Anaiokota, mchezaji anagusa alama ya mdomo, Vumilia anakula, mwili unageuka. Ngozi ya kwanza ni magamba, na magamba njo yanazuia mvua ya asidi ya hatua ya pili. Baada ya hapo kuna ngozi nyingine sita, mpaka anakuwa na mabawa na anapigana na mama yao wale wanyama juu ya mawingu. Ndiyo maana mchezo unaitwa Ngozi Saba. Bila ngozi ya kwanza hakuna safari.

Sasa nijibu mambo mawili. Nyama inaonekana kwenye simu zenu? Wachezaji wanajua alama ya mdomo?

Nakukumbusha kwa nini nina haraka. Jopo la maonyesho ya Goma linataka mchezo uwe umemalizwa na watu kumi ambao hawakuutengeneza: watano wa wilaya yetu ya Masisi na watano wa wilaya nyingine, yaani nyinyi wa huko, kila mmoja na fishi yenye sahihi. Siku ya mwisho ni tarehe 30 Aprili. Tarehe moja Mei parokia inarudisha chumba chetu na mashine zake kwa shule ya kushona, na Samy anarudi Muheto kulima. Miaka miwili ya kazi itabaki kwenye kadi ndogo kuliko ukucha.

Christian motari anakuletea kadi yenye toleo jipya kwa pikipiki yake. Na tafadhali usimwambie Papa kwamba mchezo uko Kibua. Maneno aliyonipa Noeli, "Kwani bunduki tulizo nazo hazitoshi, na weye unaongeza yako?", bado yako masikioni. Tangu siku hiyo hajajibu hata salamu zangu.

Mdogo wako,
Nadine


Kibua, Jumanne 15 Machi 2022

Nadine,

Toleo jipya limefika tarehe 9. Shujaa hageuki.

Majibu ya maswali yako. Moja: nyama inaonekana, na wote wanaiokota. Mbili: niliwauliza kama wanajua alama ya mdomo, wakasema wanajua. Straton alinichorea kwenye mavumbi, na meno yake.

Sasa wachezaji ni watano. Huyu wa tano ameomba jina lake lisitajwe, na mimi nimempa ahadi ninayowapa watu wa redio. Naweza kusema ni mtu mzima, kwamba huja studio saa nane mchana watu wakiwa mashambani, na kwamba hakuwahi kushika simu ya kugusa. Siku ya kwanza alishika simu kwa mikono miwili kama sahani ya moto. Siku ya nne alipiga risasi kumi na moja na kuua wanyama kumi na mmoja. Edmond aliacha kuchomelea waya akaja kuangalia.

Wote watano hutumia muda mrefu kijijini, pale mwanzo wa mchezo. Fishi yako haina sehemu ya jambo hilo, kwa hiyo sikuliandika.

Papa hajui kitu kutoka kwangu.

Solange


Sake, Jumatano 23 Machi 2022

Dada Solange,

Hapa watu watano wamemaliza. Watano. Wa mwisho ni Mama Marie, shangazi yake Samy, mkulima wa maharagwe wa Muheto, ambaye alidhani simu ni ya kupigia kuku picha. Siku mbili tu, akamwangusha mama wa wanyama, akasema, "Kumbe njo hii tu?" akarudi kupalilia.

Wakulima wanapita, wawindaji wanakwama. Kadi ni ileile, simu ni za aina moja. Samy amepitia mchezo mstari kwa mstari mara tatu. Jana aliweka kichwa juu ya meza, akasema labda Kibua kuna sumaku ardhini.

Mimi sina sumaku ya kusingizia. Nina swali, na naomba unijibu kama mtu wa redio, si kama dada. Ni Papa? Amejua, amewaambia watu wasimalize? Akisema neno pale kijijini, Léonard na Straton watamtii, nawajua. Wangekuonea haya wewe, wangeendelea kushika simu na kusema "hageuki, hageuki," mpaka Aprili iishe. Kama njo hivyo, niambie sasa. Bado naweza kutafuta watu watano Minova kabla ya tarehe.

Nadine


Kibua, Ijumaa 1 Aprili 2022

Nadine,

Papa hakuzuia mtu. Hilo nimelithibitisha kwa watu watatu, kila mmoja peke yake. Usitafute watu Minova kabla hujamaliza kusoma barua hii.

Taarifa zisipokubaliana, mtu wa redio huacha kuuliza, huangalia mikono. Nilipaswa kufanya hivyo Februari. Jumanne nilimketisha Straton kwenye benchi ya studio, nikasimama nyuma yake.

Vumilia alimuua mnyama wa kwanza kwa risasi mbili. Straton aliokota nyama. Alama ya mdomo ikawaka. Hakuigusa. Alimgeuza Vumilia akamrudisha kijijini kwa miguu, dakika nne za njia, akamsimamisha mbele ya yule mwanamke mzee anayepukuchua maharagwe mlangoni. Kisha akatulia.

"Unafanya nini?" niliuliza.

"Namungoja."

"Nani?"

"Huyu mama. Apokee."

"Apokee nini?"

Aliniangalia kama vile nimemuuliza jina lake. "Nyama, dada. Si bunduki iko mupya? Nyama ya kwanza ya bunduki mupya unakula weye mwenyewe? Na kesho utapiga nini, mawe?"

Edmond alikuwa juu ya meza anafunga antena. Alisema bila kugeuka, "Sasa weye ulizani tuko tunafanya nini siku zote hizi?"

"Mlisema shujaa hageuki."

"Si ni kweli? Hageuki."

Nimeuliza nyumba sita, na majibu ni yaleyale. Silaha mpya, mtego mpya, mbwa mpya: mnyama wa kwanza mwindaji haonji, la sivyo hapati mwingine. Humpeleka kwa mama yake mzazi, na kama hayupo, kwa mwanamke mwingine wa nyumba yake. Anaweka chini, anaondoka. Hasemi, na anayepokea haulizi. Kwa sababu halisemwi, hakuna aliyenieleza, na sisi wasichana wa nyumba tulikua bila kulijua. Carmel anasema alimsubiri yule mama dakika ishirini, akadhani betri imechoka.

Kosa ni langu. Niliwauliza kama wanajua alama ya mdomo. Sikuwauliza kama wanakula. Miaka kumi na tisa ya redio.

Mchezaji wa tano nilimwachia mwisho. Aliniambia, "Mwenye kutengeneza aliweka mama pa mulango. Nikaona, basi anajua desturi. Lakini mama anakataa nyama yangu. Siku ishirini na moja namupelekea. Mi nilimukosea huyo mwenye kutengeneza, njo ananijibu vile."

Nilimwambia yule mama hakutengenezwa kupokea kitu kutoka kwa mtu yeyote. Ni pambo. Akaniomba niandike hayo kwenye karatasi. Nikaandika. Alisoma, akaikunja, akaitia mfukoni, akarudi kwenye mchezo.

Zimebaki siku ishirini na tisa. Naweza kuwaamuru wabonyeze mdomo. Carmel atakubali. Hao wengine, sidhani.

Solange


Sake, Ijumaa 8 Aprili 2022

Dada Solange,

Usiwaamuru.

Nilikuwa upande wa pili wa hiyo nyama. Mpaka nilipotimiza miaka kumi na moja na kuletwa huku kwa shangazi, nilikuwa nalala jikoni kwa Bibi. Unakumbuka kuna asubuhi tulikuta kifurushi cha majani kwenye kizingiti, na hakuna mtu? Nikauliza ya nani. Bibi alisema, "Kula, usiulize." Nimekula nyama za kwanza za wanaume wote wa nyumba ya Bibi na sikujua.

Yule mwanamke mlangoni ni kazi ya Samy. Alimchora akimfuata bibi yake wa Muheto, Mama Joséphine-Marie, kwa sababu kijiji kilionekana kitupu. Juzi tulipanda pikipiki tukaenda kumuuliza mwenyewe. Samy alimweleza: kuna mtu anakuja na nyama, anaiweka mbele yako, hasemi neno. Utafanya nini?

"Nitapokea."

"Halafu?"

"Halafu nini? Mutu anakuletea nyama unamuacha aende mukono mutupu? Mumupe maharagwe." Tulipofika njiani akatuita tena. "Ya kuiva. Musimupe mabichi, mutu eko na safari."

Basi ndivyo itakavyokuwa. Mchezaji akimpelekea nyama ya kwanza, mama anapokea na kumpa Vumilia sahani ya maharagwe. Akila hayo anapata ngozi ya nane, ya madoadoa mekundu na meupe kama maharagwe yetu ya huku, na mvua ya asidi inateleza juu yake. Mwenye kutaka kula nyama yake mwenyewe ale, atapata magamba kama zamani. Ila ngozi ya nane hapati tena, hata akirudi mlangoni mara mia.

Samy anasema kubadilisha mchezo sasa ni wazimu. Anasema hivyo huku anachora madoadoa.

Kuna shida moja. Kanuni za jopo zinataka fishi zote kumi ziwe za toleo moja. Watano wa Masisi lazima wamalize upya. Mama Marie amekubali, kwa sharti tusimsumbue saa za kupalilia. Kadi itaondoka na Christian Jumatatu ya Pasaka, tarehe 18. Itafika kwenu tarehe 20, daraja likiwa zima. Mtakuwa na siku tano, halafu fishi zianze kurudi.

Na huyo mchezaji wa tano, jina sikuulizi. Niambie tu anachechemea mguu gani.

Nadine


Kibua, Jumatano 20 Aprili 2022

Nadine,

Kadi imefika leo saa saba mchana. Daraja ni zima. Christian alianguka mara moja, karibu na Nyabiondo. Yeye na kadi wote wazima.

Saa nane na dakika kumi mama wa mlangoni amepokea nyama. Nilikuwepo. Mchezaji aliweka simu mezani, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi dakika kadhaa. Kisha akarudi, akamlisha Vumilia maharagwe.

Swali lako la mwisho linahusu mtu niliyempa ahadi. Silijibu.

Solange


Kibua, Jumatatu 25 Aprili 2022

Mutoto wangu Nadine,

Mimi ni Papa yako Barthélemy. Naandika mwenyewe, mukono wangu ni muzito, vumilia.

Solange hakuniambia kitu. Nilisikia risasi zako kwa ukuta wa redio nikiwa napita, mwezi wa tatu mwanzo. Nikauliza Edmond ni nini. Akasema ni ya binti yako. Nikasema nitaangalia kidogo tu, nijue ubaya wake vizuri.

Mchezo nimemaliza jana, Siku ya Bwana, baada ya misa. Mimi njo wa kwanza hapa. Straton alinifuata leo asubuhi, na anasema nilimutangulia juu ya kuanza mbele yake. Si kweli. Yule munyama mukubwa wa mawingu, Straton anamupiga kichwa. Kichwa ni chuma tupu. Mimi nilingoja ageuke, nikapiga chini ya bawa. Munyama yeyote ni vile.

Noeli nilisema bunduki tulizo nazo zinatosha. Bado zinatosha. Kila mutu anayebeba bunduki hapa kwetu anakula peke yake, na mimi nilizani mutu wako ni hivyo. Nilipoona mama pa mulango nikaona nilisema mbio. Alipokataa nyama nikaona umenifungia mulango. Kumbe haukujua. Sisi hatukuwafundisha nyinyi mabinti, na hilo ni letu.

Jambo moja la kurekebisha. Vumilia anatembea na kelele mingi sana kwa majani. Hakuna munyama atamungoja na miguu ile.

Fishi yangu iko ndani. Nimeweka jina lote.

Papa yako,
Barthélemy


Sake, Jumatatu 2 Mei 2022

Papa, na Dada Solange,

Nawaandikia pamoja, kwenye daftari, kwa sababu chumba kimekwisha kujaa vyerehani.

Fishi zenu tano zimefika, lakini si kwa urahisi. Christian aliondoka kwenu tarehe 26 kama mlivyopanga. Kwenye kizuizi kimoja, sisemi kipi, wenye bunduki walipekua mfuko, wakakuta simu mbili na karatasi zenye sahihi. Waliuliza ni orodha ya nini. Christian akasema ni ya mchezo. Hawakuamini, kwa hiyo mkubwa wao akataka aone. Akakaa chini na bunduki yake magotini, akacheza. Alikula nyama ya kwanza, akapata magamba, akafa hatua ya tatu. Akaanza tena. Alikula, akafa. Wenzake wakamcheka. Giza likaingia, Christian akalala hapohapo chini ya pikipiki. Asubuhi mkubwa akamuuliza kwa hasira, "Wenye kuweka sahihi hapa walipitaje?"

Christian alijibu, "Walimupelekea mama nyama."

Anasema yule mtu alianza upya, akapeleka nyama, akapokea maharagwe, akapita hatua ya tatu na ya nne. Halafu akarudisha simu na karatasi zote na kufungua kamba ya kizuizi. Hakuomba chochote. Christian hajui aandike hilo chini ya habari gani, na mimi pia sijui, kwa hiyo namwachia Solange.

Basi, badala ya tarehe 28, alifika hapa Ijumaa tarehe 29 saa kumi na moja jioni. Jumamosi tarehe 30, saa tano asubuhi, mimi na Samy tuliweka kadi na fishi kumi mkononi mwa katibu wa jopo kule Goma. Alizihesabu. Alipofika kwa ya mwisho aliuliza kama Barthélemy huyu ni jamaa yangu, kwa sababu ya jina la ukoo. Nikasema ni Papa. Akauliza kama alisaidia kutengeneza. Nikasema aliukataa. Samy akamweleza mengine, kuanzia Noeli, na katibu akacheka akagonga muhuri.

Papa, miguu ya Vumilia tutaipunguza kelele jopo likishaamua, toleo lisibadilike sasa, maana Mama Marie naye alilalamika. Hilo la bawa sikumwambia mtu yeyote. Umeligundua mwenyewe.

Nadine


Sake, Jumamosi 28 Mei 2022

Papa, Dada Solange,

Tumeshinda. Amesema hivyo mwenyekiti wa jopo, Mama Astrid, kwa simu leo saa tatu na nusu asubuhi, na nimemfanya arudie ili niandike kama Solange angeandika. Michezo kumi na tisa. Wetu wa kwanza. Maneno yake: "Katika michezo yote ya bunduki tuliyocheza, huu peke yake unamuuliza mchezaji anampa nani." Studio moja itatupa chumba na mashine kwa mwaka mzima, mimi na Samy, kuanzia Julai. Samy alikuwa shambani Muheto. Nilimpigia, nikasikia anapiga kelele kwenye mistari ya maharagwe mpaka shangazi yake akamwambia asikanyage.

Mchezo umebadilisha jina. Sasa ni Ngozi ya Nane.

Maonyesho ni Jumamosi tarehe 18 Juni, Goma. Kutakuwa na ukuta mkubwa mweupe wa picha, na jopo linataka mmoja wa wachezaji kumi acheze mbele ya watu kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mama Marie anasema hawezi kuacha shamba. Straton ameshanitumia salamu kwa Christian kwamba yeye yuko tayari hata kesho. Nimemjibu kwamba kuna mtu ana nafasi kabla yake, kama anataka, na kama mguu unaruhusu.

Nadine


Kibua, Jumapili 5 Juni 2022

Nadine,

Papa anakuja. Amesema mwenyewe, leo saa mbili asubuhi, mbele ya mlango wa kanisa, watu wakisikia. Straton alimwambia, "Papa, huko utatetemeka, wataniita mimi." Papa akamjibu, "Endelea kupiga kichwa." Watu waliocheka ni wale waliocheza. Sasa ni ishirini na wawili, tumewawekea zamu kwa simu mbili ulizoturudishia.

Nilitangaza ushindi wenu tarehe 31 Mei kwenye habari za saa kumi na mbili jioni. Dakika mbili na sekunde kumi. Nilisoma majina yenu wawili, ya wachezaji kumi, na la Mama Joséphine-Marie, bibi yake Samy. Habari ya kizuizi sikuisoma. Nina chanzo kimoja tu, na ni Christian.

Jambo jingine la kukujulisha. Papa amerudi msituni, mara tatu, akitumia fimbo, bila kwenda mbali. Mwezi uliopita alitengeneza mtego mpya, na Alhamisi ulinasa. Nyumbani hatukuonja nyama. Ameikausha juu ya moto siku tatu na kuifunga kwa majani. Mama yake hayupo tena, unajua. Nilimuuliza kwa nini haikuja kwangu, binti mkubwa. Alisema, "Weye utauliza inatoka wapi."

Ratiba ni hii. Jumatano tarehe 15 Juni, saa kumi na mbili asubuhi, anaondoka Kibua na pikipiki ya Christian. Watalala Masisi. Alhamisi tarehe 16, saa nane mchana, watakuwa Sake, pale njia ya Minova inapoachana na ya Goma. Mngoje hapo. Ataweka kifurushi chini mbele yako na hatasema kitu. Kipokee, usiulize. Uwe na maharagwe kwenye sahani, ya kuiva.

Solange